Kanisa lililoacha watu walale kwenye mabenchi: kisa cha St. Boniface, Tenderloin

Watu wakiongelea huduma ya kanisa kwa wasio na makazi mara nyingi mawazo yanakimbilia chakula na nguo. Sufuria kubwa, foleni, sala fupi, picha mbili tatu, mambo yameisha. Kisa ninachotaka kukichambua hapa ni tofauti manake waliokianzisha walijiuliza swali lingine kabisa, na jibu walilopata mpaka leo ukimwambia mtu anadhani unamtania: kwamba kitu kinachowamaliza hawa watu pole pole ni kukosa usingizi, na kanisa lina mabenchi yamekaa matupu kutwa nzima siku za katikati ya wiki.

Mahali penyewe ni kanisa Katoliki la St. Boniface, San Francisco, Marekani, mtaa unaitwa Tenderloin. Upo katikati kabisa ya jiji, upande mmoja maduka ya kifahari ya Union Square, upande mwingine City Hall na maofisi ya serikali. Mtaa umejaa majengo ya zamani ya kupangisha chumba kimoja kimoja, ambayo ndo makazi ya mwisho ya mtu wa kipato kidogo kabla hajaangukia barabarani, na umejaa pia watu ambao wameshaangukia. Kwa jiji zima hesabu ya usiku mmoja ilikuta watu 7,754 wasio na makazi mwaka 2022, ikaja 8,323 mwaka 2024, na zaidi ya nusu yao hawakuwa hata kwenye shelta (vituo vya malazi ya muda), walikuwa kwenye mahema, kwenye magari, kwenye vibaraza vya watu. Na Tenderloin ndo mtaa ambao tatizo hilo unalikanyaga ukitembea.

Sasa kabla hatujaingia ndani elewa hiki kitu: mtaa huu haukuwa na upungufu wa huduma za chakula. Jirani kabisa na St. Boniface kuna ukumbi wa chakula wa St. Anthony ambao padri Alfred Boeddeker aliufungua tarehe 4 Oktoba 1950, siku ya Mtakatifu Fransisko, na hapo chakula ni bure. Ukitembea kidogo unakuta Glide, kanisa la asili ya Kimethodisti ambalo mchungaji Cecil Williams alilikuta likiwa na waumini wachache miaka ya 60 akaligeuza kuwa kimbilio la watu wa mtaani, nako wanalisha. Yaani mtu wa Tenderloin akizijua ratiba anaweza akala. Hapo wengi wetu tungefanya nini? Tungeongeza jiko la tatu, manake kupika tunajua na kupika kunaonekana.

Mwaka 2004 paroko wa St. Boniface alikuwa padri Louis Vitale, Mfransisko (mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko), mtu wa ajabu kidogo kwa historia yake, alikuwa ofisa wa jeshi la anga kabla ya utawa halafu akageuka kuwa mpinga vita na mpinga silaha za nyuklia wa kukamatwa na polisi mara kwa mara (alifariki 2023). Yeye na mama mmoja mwanaharakati anaitwa Shelly Roder ndo wakaanzisha kitu walichokiita Gubbio Project. Ukiuchambua ni mpango mwepesi mno kuuelezea: asubuhi na mapema siku za kazi mlango wa kanisa ulikuwa unafunguliwa, watu wanaingia, wanajinyoosha kwenye mabenchi, wanalala mpaka mchana. Walikuwa wanapewa blanketi, kulikuwa na vifaa vya usafi, saa ingine soksi, watu wa kuongea nao ukitaka kuongea, na choo. Kwa siku walikuwa wanaingia watu wapata 200 na ushee.

Jina limetoka kwenye kile kisa cha zamani cha Fransisko na mbwa mwitu wa mji wa Gubbio kule Italia. Mbwa mwitu anakula mifugo na watu, mji mzima umejifungia, Fransisko anatoka kwenda kumkabili, anagundua mnyama ana njaa tu, basi anawapatanisha: mji utamlisha, yeye ataacha kudhuru. Nakiri jina lenyewe lina mtego manake ukilisoma haraka haraka unaona kama watu wa barabarani ndo wamefananishwa na mnyama. Ila ukikisoma kisa mpaka mwisho, sharti kubwa limewekwa kwa wenye nyumba. Mji ndo unaotakiwa ubadilike, ufungue milango, utoe. Na baadae huyo mnyama akija kufa kwa uzee wanamlilia.

Turudi kwenye usingizi, manake hapa ndo kuna akili ya kisa chote. Fikiria usiku wa mtu wa nje. Akilala fofofo anaamka viatu hamna, simu hamna, begi lenye kitambulisho na dawa za presha limeondoka. Mwanamke akilala peke yake anaweza kuamka na mtu juu yake. Kwa hiyo wengi usiku hawalali, wanatembea, wanakaa macho, wapo wanaotumia methamfetamini kwa sababu hiyo hiyo ya kukaa macho mpaka kuche, halafu sisi tukimuona saa nne asubuhi anaongea peke yake tunasema amechanganyikiwa au amelewa. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba mtu akikaa macho saa 24 mfululizo utendaji wake unashuka sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.10 kwenye damu, na hicho kinavuka kiwango ambacho Marekani wanakukamata nacho barabarani. Hiyo ni siku moja tu. Sasa mwekee wiki, mwekee miezi, halafu mwambie ajaze fomu kurasa sita za kuomba nyumba, akumbuke miadi ya Jumanne saa tatu, asigombane na karani. Atafeli, na tutaandika kwenye faili kwamba hataki kusaidiwa.

Shelta je? Swali zuri, watu wote huuliza. Shelta zipo ila hazitoshi, na zilizopo nyingi zilikuwa na masharti yanayomfanya mtu mwenye akili zake apige hesabu aone bora nje: huwezi kuingia na mwenzi wako, huwezi kuingia na mbwa wako, begi lako kubwa haliruhusiwi. Mpaka mwaka 2015 ndo jiji lenyewe likafungua kituo cha kwanza cha mtindo mpya kule mtaa wa Mission kilichoruhusu hivyo vitu vitatu, mwenzi, mnyama na mizigo. Na zipo zile za usiku tu, alfajiri unatolewa nje na usingizi wako haujaisha.

Na ukitolewa unaenda wapi? Novemba 2010 wapiga kura wa San Francisco walipitisha Pendekezo L, sheria ya kukataza kukaa au kulala pembeni mwa barabara kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 5 usiku. Soma tena hayo masaa. Usiku ni hatari kulala, mchana ni kosa kulala. Kanisa lilikuwa limeshalikalia hilo pengo miaka sita kabla ya sheria kupita, na sheria ilipopita pengo likawa kubwa zaidi. Ndo maana nasema hawa watu hawakubuni huduma wakiwa ofisini, waliangalia saa ya ukutani wakaona ni masaa gani mtu hana pa kuweka kichwa, wakafungua mlango masaa hayo hayo.

Kuna kitu kingine walichokifanya mlangoni ambacho kwangu ni kizito kuliko blanketi. Hakukuwa na kujiandikisha. Hakuna fomu, hakuna kitambulisho, hakuna swali la umetumia nini leo, hakuna sharti la kukaa kwenye mahubiri. Hapa lazima tuongee ukweli manake Wakristo tuna historia yetu kwenye hili jambo. Tangu William na Catherine Booth walipoanza kazi mashariki ya London mwaka 1865, ile iliyokuja kuwa Jeshi la Wokovu, tangu Jerry McAuley alipofungua misheni yake Water Street, New York, 1872, na Pacific Garden Mission ya Chicago 1877, utaratibu unaojulikana ni supu, sabuni na wokovu, na kwenye misheni nyingi mpangilio ulikuwa wokovu unakuja kabla ya supu: unakaa ibadani kwanza ndo unakula. Siwadharau, waliokoa watu wengi sana na wengi waliookoka pale ndo waliokuja kuendesha hizo misheni, McAuley mwenyewe alikuwa mfungwa wa zamani. Lakini ibada ya kulazimishwa na njaa ina tatizo lake, inamfundisha mtu kuigiza. Anajua wimbo upi unamfurahisha mchungaji, anajua saa ya kunyoosha mkono. Na mtu aliyelala huwezi kumfanya aigize, labda ndo sababu huduma ya usingizi inatuchanganya, manake hatupati ushuhuda wa kusimulia Jumapili.

Wapo watakaosema basi hiyo sio huduma ya Kikristo ni ustawi wa jamii tu umevaa kanzu. Mimi nitawarudisha kwa Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii amekimbia, amekaa chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika anapokuja hamkemei, hamuulizi imani yake imeenda wapi. Eliya amelala, malaika anamgusa, inuka ule, anakula, halafu anaachwa LALA TENA. Anakuja kuamshwa mara ya pili anakula tena ndo safari inaanza, na lile swali la unafanya nini hapa Eliya linakuja baadae sana, akiwa ameshafika mlima Horebu. Mungu mwenyewe alitanguliza usingizi na mkate, maongezi yakafuata. (Na kwa wanaodai kulala kanisani ni dharau, yule kijana Eutiko wa Matendo ya Mitume alisinzia Paulo akihubiri akaanguka toka ghorofa ya tatu, na Paulo hakumfukuza, alishuka akamkumbatia.)

Haya tuje kwenye sehemu ngumu, ile ambayo ningekuwa kwenye halmashauri ya parokia ningepigana nayo. Walala hoi walipewa theluthi mbili za nyuma za kanisa, waumini wa misa wakabakiziwa theluthi moja ya mbele. Misa ya mchana inaendelea pale altareni, padri anainua mkate, na nyuma kuna watu wanakoroma, mwingine anapiga kelele usingizini, kuna harufu, tusijifanye hakuna, miguu iliyokaa kwenye viatu vilivyolowa wiki mbili ina harufu. Waliopanga walisema wazi kabisa kwamba ndo walivyotaka iwe, kwamba anayelala ajue hatolewi nje kwa sababu wenye nyumba wamekuja kusali, na anayesali ajue hawa nao ni sehemu ya kusanyiko.

Nalikubali hilo lakini nina swali nalo, na swali linatoka Yakobo sura ya 2, pale anapowakaripia wanaomwambia tajiri keti hapa mahali pazuri na maskini wewe simama kule. Mbele wenye nyumba, nyuma wasio nazo, si ndo picha ile ile? Nimelizungusha sana kichwani. Nadhani tofauti ipo kwenye nani amepunguziwa. Maskini wa Yakobo alibanwa kona, hapa waliobanwa ni waumini, eneo kubwa limeenda kwa wanaolala, na kwa kawaida mtu anayetaka usingizi mwenyewe angechagua nyuma mbali na kengele. Hata hivyo mstari upo, na ningependa siku moja moja uvukwe, mtu akiamka asogee mbele bila kutazamwa.

Kwa upande wa sheria za Kanisa Katoliki nako kulihitaji moyo. Kanuni 1210 inasema mahali patakatifu paruhusiwe yale tu yanayosaidia ibada na uchaji, ila mkuu wa kanisa mahalia anaweza kuruhusu matumizi mengine mradi hayapingani na utakatifu wa mahali. Wao wakaenda mbali zaidi ya kuomba ruhusa ya matumizi mengine, wakaliita jambo lenyewe usingizi mtakatifu, yaani kulala pale hakupingani na utakatifu bali kumo ndani yake. Unaweza ukabishana nao, ila huwezi kusema hawakufikiri.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ile ya kudekeza, eti ukimpa mtu pa kulala bila sharti unamlea kwenye madawa. Hii hoja ingekuwa na nguvu kama kukosa usingizi kungekuwa kunawatoa watu kwenye madawa, na tumeshaona hapo juu kwamba kwa wengine ndo kunawaingiza. Lakini hoja ina mtoto wake mmoja ambaye ni wa kweli na huwa hazungumzwi: usalama wa wanaolala. Fentanili, dawa ya kulevya kali mno, ilipoingia mtaani hesabu zikawa mbaya, mwaka 2023 pekee zaidi ya watu 800 walikufa San Francisco kwa kuzidisha dozi, na Desemba 2021 meya London Breed alikuwa ameshatangaza hali ya dharura kwa ajili ya Tenderloin. Sasa mtu aliyezidisha fentanili kwa mbali anafanana na mtu aliyelala vizuri. Anakoroma. Anaanza kupumua taratibu, midomo inabadilika rangi, kimya. Ukumbi wenye watu 200 waliolala kwenye mtaa kama huo hauwezi kusimamiwa na mtu mmoja amekaa mlangoni anasoma gazeti, lazima kuwe na wanaozunguka benchi kwa benchi wanaangalia vifua vinapanda na kushuka, wana naloksoni mfukoni, ile dawa ya kumzindua aliyezidisha, na wanajua kuitumia. Kanisa likitaka kuiga huduma hii liige na hiyo sehemu, sio blanketi tu. Na kama hamna watu wa kuzunguka msifungue, nasema hivyo bila aibu.

Kikomo chake ni kipi? Hakuna mtu aliyepata nyumba kwa kulala kwenye benchi. Jioni wote walikuwa wanarudi nje, wikiendi nayo ilibaki vile vile, na kwenye hesabu ya jiji mtu wa Gubbio bado alihesabiwa yuko nje. Tangu Sam Tsemberis aanze kule New York mwaka 1992 mtindo wa kumpa mtu nyumba kwanza halafu matibabu yafuate, inajulikana kwamba kinachomtoa mtu barabarani ni nyumba. Wenye huduma hawakudai vinginevyo, na mimi naheshimu huduma inayojua ukubwa wake. Halafu huduma nyingi zimekufa kwa sababu mfadhili alitaka kusikia ni wangapi wamebadilika mwaka huu, na jibu la ukweli ni kwamba wangapi wamelala, basi. Ni ngumu kuombea pesa namba kama hiyo.

Wazo lenyewe lilisambaa, likavuka hadi kanisa la Kiepiskopali la St. John the Evangelist, mtaa wa Mission, ambalo ni la dhehebu lingine kabisa, na hapo ndo unaona kwamba halikuwa jambo la padri mmoja mwenye kichwa cha peke yake. Na kisheria mambo yamekaza zaidi. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 kwa 3 kwenye kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, iliruhusu miji kuwaadhibu watu kwa kulala nje hata kama hakuna kitanda cha shelta, na mwezi uliofuata gavana wa California akaagiza mahema yaondolewe. Kwa hiyo eneo la mtu kulala bila kuvunja sheria limezidi kusinyaa, na nyumba za ibada zenye milango ya wazi mchana zimekuwa na thamani kuliko mwaka ule wa 2004.

Wakati huo huo wanaofikiria kuiga huwa wanauliza kuhusu theolojia na kuhusu bima, hawaulizi kuhusu choo, na choo ndo kitawavunja. Tenderloin ilikuwa na shida kubwa ya vyoo kiasi kwamba mwaka 2014 jiji lilianzisha vyoo vya kuhamishika vyenye mhudumu wa kukaa navyo, na mtaa wa kwanza kuletewa ulikuwa huo huo. Watu 200 wakiamka kati ya saa nne na saa sita wote wanataka kitu kimoja kwa wakati mmoja, na vyoo vya kanisa vilijengwa kwa ajili ya watu wanaokaa saa moja na nusu Jumapili. Kamati ikikaa kikao cha kwanza imwite fundi bomba, halafu anayesafisha awe ameajiriwa na mshahara kamili, asiwe mama mmoja wa jumuiya anayejitolea kila siku mpaka anachoka anaacha na hakuna anayejua aliacha lini.